Banjo Iliyoota Moto

Mtu asikudanganye, ngozi ya mbuzi haiwambwi kwa cheti. Mimi darasa la nne niliona linanitosha. Nilitoka Tanga na mikono yangu hii, na mikono hii hii ikaninunulia nyumba Bladensburg, nje kidogo ya Washington, yenye baraza na kipande cha nyasi, wakati walionicheka kwa kuacha shule walikuwa wamepanga vyumba kule mjini, Columbia Heights. Nilikuwa fundi rangi mwenye gari langu la kazi na peja kiunoni, kile kidude cha kuitiwa na wateja. Miaka hiyo ya mwisho wa tisini, peja ikilia kwenye foleni ya duka, nilikuwa naiacha ilie kidogo ili watu wasikie.

Jirani yangu alikuwa mzee wa Kimarekani, mweusi kama mimi, dereva wa basi aliyestaafu. Jioni moja akanitolea banjo iliyopasuka ngozi. Banjo niliijua toka kwetu, nilikuwa naiona kwenye vikundi vya taarabu.

"Mzee," nikamwambia, "hicho chombo cha Wazungu umekipata wapi?"

Akaniangalia kama nimemtukania mama. "Cha Wazungu? Keti hapo, Afrika." Hilo ndilo jina alilonipa, bara zima kichwani kwangu, nami sikulikataa.

Akanisimulia. Watu wetu waliletwa huku na minyororo, mikono mitupu, lakini ufundi uko vichwani. Wakakata kibuyu, wakakiwamba ngozi, wakakichomeka mti uwe shingo, wakafunga nyuzi. Wazungu walijifunza baadaye, wakatia vyuma na skrubu, wakauza madukani, hadi vitukuu wa waliokianzisha wakaamini si chao. Ile ya kwake aliiunda baba yake. Badala ya kibuyu ilikuwa na pete ya mbao iliyokunjwa kama ya ungo, na ngozi imeshikwa na vimisumari vya shaba. Uzi wa tano ni mfupi, unaanzia katikati ya shingo, na kazi yake ni kuchezewa na dole gumba tu.

"Dada yangu anakuja Jumamosi kutoka Virginia," akasema. "Siku yake ya kuzaliwa. Hajaisikia hii tangu tumzike baba, na sijui kama tutapata siku nyingine. Fundi wa dukani anataka kuitia plastiki. Kulia italia, ndiyo, lakini haitakuwa sauti ya baba."

"Nipe mimi," nikasema. Mjomba wangu alikuwa mwamba ngoma, na mtoto aliyelelewa na mwamba ngoma hatupi ngozi. Ya mbuzi wa Idi ilikuwa imekauka gerejini kwangu, inasubiri heshima. Nikailoweka kwa maji na chokaa ili manyoya yatoke. Chombo cha kuienea kilikuwa kimoja tu nyumbani, beseni la kuogea.

Mke wangu, mtu wa Mombasa, akasimama mlangoni na kanga puani. "Bwana wee, leo bafuni atatoka mmoja. Ngozi au mimi."

"Wewe umeshaoga, mke wangu. Muache na mwenzio aoge."

Hakunipa chai siku mbili.

Wahenga wanasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, wakimsengenya mchoyo. Mimi nakwambia methali hiyo aliitunga mtu asiyejua kazi. Ukivutia kwako tu, ngozi inalala upande mmoja na sauti inapotea. Msumari mmoja kwako, wa pili ng'ambo, unazunguka hivyo hivyo, ngozi ikiwa bado mbichi. Halafu kivulini ikauke polepole. Ijumaa niliigonga kwa kucha, ikaitika kavu, tamu. Nikajipongeza mwenyewe, maana mke wangu alikuwa bado amenuna.

Jumamosi hewa ilikuwa nzito, joto la kule la kiangazi linalobandika shati mgongoni. Uwani kwa mzee kulijaa watu na moshi wa nyama. Dada yake alikaa kitini na kofia kubwa ya zambarau, mikono mapajani, anasubiri. Mzee akapiga.

Bwe.

Kama umepiga godoro lililonyeshewa. "Afrika ametutilia nyuzi kwenye boksi la piza!" mtu akapaza sauti, na watu wakacheka. Yule mama hakucheka. Akainamisha kofia.

"Imelegea?" mke wangu akaninong'oneza.

"Imekunywa unyevu. Inataka moto."

"Moto gani tena, bwana!"

"Moto wa ngoma! Mombasa hamchezi ngoma nyie?"

Banjo ya misumari haina skrubu ya kukazia. Kwetu ngoma ikilegea haisemwi, inaoteshwa moto. Nikaichukua mikononi mwa mzee, nikaenda moja kwa moja kwenye jiko la mkaa, nikaielekeza uso chini.

"Anaichoma! Jamani, anambanika baba yao!"

Mzee akanijia mbio, mimi nikampa mgongo. Nagonga kwa kidole, nasikiliza, nazungusha. Pu. Pu. Nikaona kivuli cha kofia ya zambarau kando yangu. Nikajua kofi linakuja.

"Inyanyue kidogo, mwanangu," akasema yule mama. "Baba hakuwa anaiweka karibu hivyo."

Nikageuka. Macho yamemjaa maji na meno yote nje. "Alikuwa anaiotesha kwenye jiko la mama kila ikinyesha mvua," akasema. "Mama akigomba, chakula kinachelewa. Igonge tena."

Nikagonga. Ti!

Mzee akaikamata, dole gumba likaangukia kwenye ule uzi mfupi, na dada yake akatupa kofia kwenye nyasi akaingia uwanjani, magoti mabovu na yote. Mke wangu naye akajifunga kanga kiunoni akamfuata, akicheza chakacha kabisa, na viuno vilielewana bila mkalimani.

Kila ngozi ilipolegea, yule mama alisimama akaita, "Afrika! Moto!" Nami nakimbia nayo kwenye jiko la mkaa, nasukuma mbavu za kuchoma pembeni, kifua mbele kama waziri. Nyama ziliungua zote. Hakuna aliyeuliza.