Kopo la Unga wa Kupunguza Tumbo

Nimepika chakula miaka kumi na moja kwenye kibanda cha mabati, nje ya ukuta wa viwanda vya Baba Dogo. Asubuhi nauza chai na mandazi. Saa sita ni chapati, maharagwe, ndengu na kabeji. Wateja wangu ni vibarua wa viwandani na mafundi wa kuchomelea vyuma. Huingia kwa mkupuo, hula haraka, king'ora kikilia wanaondoka. Miaka yote hiyo, wakishaondoka, nilikuwa nikikaa kwenye debe langu na kula kilichobaki.

Mandazi yaliyoungua upande mmoja hayauziki, kwa hiyo niliyala mimi na chai ya sukari nyingi. Chapati zikishapoa hadi saa tisa hakuna anayezitaka, kwa hiyo nilizila mimi, na ule mchuzi wa chini ya sufuria ambako mafuta yote hutulia. Kutupa ilikuwa dhambi. Kujipikia kitu kingine ilikuwa anasa. Nikanenepa hivyo, mwaka baada ya mwaka, huku nikijisifu kwamba mimi ni mwanamke anayejua kubana matumizi.

Magoti yalianza kuuma, kisha ikaja kizunguzungu. Asubuhi moja niliinama kuinua mfuko wa unga nikajikuta nimeushikilia ukuta wa kiwanda. Siku iliyofuata nikafunga kibanda nikaenda kliniki.

Mhudumu wa lishe alikuwa msichana mwembamba mwenye kucha safi. Alinipandisha kwenye mizani mbele ya foleni nzima, akasoma kilo zangu kwa sauti kama mtu anayenadi nguo za mtumba. Watu wakageuka. Mzee mmoja akacheka.

"Mama, unakula sana," alisema. "Presha yako iko juu. Usipopunguza huu mwili utaanguka siku moja, watoto wabaki wakilia."

Hakuniuliza ninakula nini. Alinipa karatasi yenye orodha: mafuta ya zeituni, lozi, mtindi usio na mafuta, na samaki fulani wa ng'ambo ambaye hata jina lake nilishindwa kulitamka.

"Na uache chapati," akaongeza.

"Chapati ndiyo kazi yangu."

"Basi tafuta kazi nyingine, mama."

Alisema hivyo akiwa tayari anamwita mtu mwingine. Nilitoka pale kwa hasira. Hata hivyo nilienda supamaketi na karatasi ile mkononi, kwa sababu kitisho chake kilikuwa kimeniingia. Nilitafuta yale mafuta ya zeituni. Chupa yake ndogo kabisa ilikuwa na bei ya mafuta yangu ya kukaangia wiki nzima. Nikairudisha. Mlinzi alinifuata hadi mlangoni akiangalia mkoba wangu.

Nyumbani nilimkuta binti yangu. Tunaishi wawili, mimi na yeye, kwenye chumba kimoja karibu na kibanda. Wakati ule alikuwa na miaka kumi na mitano, yuko kidato cha pili, na mwili wake ni wangu mtupu: mabega haya haya, mapaja haya haya. Niliikunja ile karatasi nikamwambia, "Unaona? Miili kama yetu ni ugonjwa." Sikumwangalia nilipokuwa nikisema hivyo. Nilitaka tu mtu wa kumtupia uchungu wangu.

Jumapili hiyo tulikuwa na chama, wanawake kumi na wawili tunaokutana nyumbani kwa mwenyekiti baada ya kanisa. Katibu wetu alikuwa rafiki yangu wa miaka mingi. Zamani alikuwa mnene kunishinda. Mwaka ule alikuwa amekonda hadi mifupa ya shingo ikaonekana, nasi sote tulimshangilia. "Umependeza," tulimwambia kila Jumapili. Mimi ndiye niliyepiga kelele zaidi. Siku ile alinivuta kando akanionyesha kopo la plastiki lenye picha ya kiuno chembamba. Halikuwa na jina la aliyelitengeneza wala mahali lilipotoka.

"Kijiko kimoja asubuhi na maji moto," alisema. "Halafu usile kitu mpaka saa kumi. Tumbo litaisha lenyewe."

"Ni salama?"

"Dada yangu, mimi naweza kukupa sumu?"

Nililinunua kwa pesa za unga wa chapati. Wiki hiyo nilipika chapati chache, wateja wakanung'unika, wengine wakahamia kibanda cha jirani.

Nilikunywa siku tisa. Nilikuwa nikikimbilia choo cha ploti mara nne, mara tano, huku wapangaji wakigonga mlango na kuuliza kama nimehamia humo. Moyo ulinienda mbio hata nikiwa nimeketi. Siku ya kumi, nikigeuza chapati, macho yaliingia giza. Nilianguka na mkono huu wa kushoto ukalala juu ya kikaango. Mteja mmoja, fundi wa kuchomelea, aliruka meza akanivuta na kunimwagia maji ya jagi. Kovu liko hapa, refu kama kidole.

Nilimpigia rafiki yangu simu jioni nikamweleza.

"Hizo ni takataka zinatoka mwilini," alisema. "Ni dalili nzuri. Usiachie njiani."

Niliachia njiani. Lakini kopo sikulitupa. Lilikuwa limebaki zaidi ya nusu, nalo lilinigharimu sana. Nililiweka juu ya kabati, nyuma ya sanduku. Mwanamke aliyeshindwa kutupa mandazi yaliyoungua angewezaje kutupa kitu cha bei ile? Nimejilaumu kwa mambo mengi maishani, ila hilo bado linaniuma kuliko kovu.

Wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi, mandazi yakiwa bado kwenye mafuta, simu iliita. Ilikuwa shule.

"Mama, kuja sasa hivi," mwalimu alisema. "Mtoto wako ameanguka kwa paredi."

Nilizima jiko kwa maji nikakimbia na aproni yangu. Nilimkuta amelazwa kwenye benchi ofisini, midomo imekauka, vidole vinatetemeka. Mwalimu akasema wenzake wanadai hajala chakula cha shule tangu wiki iliyopita, amekuwa akiwagawia.

"Umekunywa nini?" nilimuuliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Unga wako."

"Kwa nini, mwanangu?"

Aligeuza uso ukutani. "Wananiita tanki. Na wewe ulisema miili yetu ni ugonjwa."

Nilimshika mkono tukaenda kliniki ile ile, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Njiani nilipita nyumbani nikalichukua kopo. Nilijiapiza kwamba yule msichana wa mizani akifungua mdomo, nitampiga nalo.

Hakuwepo. Alikuwepo nesi wa kiume, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu. Alimtundikia binti yangu dripu, akafungua kopo, akanusa, akaligeuzageuza akitafuta maandishi. "Hata mimi siwezi kujua kuna nini humu," alisema. "Ndiyo maana ni hatari. Nani mwingine kwa nyumba anakunywa?"

Nilimwonyesha mkono wangu. Akanipima presha, akatikisa kichwa, kisha akavuta kiti.

"Jana ulikula nini? Nianzie asubuhi."

Ndiye mtu wa kwanza kuniuliza. Nilianza kumweleza kwa ukali, mandazi, chai, chapati, mchuzi, na nilipofika mwisho nilikuwa nikilia kwa hasira. Alisikiliza yote.

"Kumbe wewe unakula hasara ya biashara," alisema. "Pika kidogo, isibaki. Na kabla ya kuwasha jiko la chapati, jipikie chako kwanza."

"Nipike nini? Samaki wa ng'ambo?"

Alicheka kidogo. "Si una maharagwe? Unayachemsha kabla ya kuyakaanga. Toa bakuli lako kabla mafuta hayajaingia. Ongeza mahindi, iwe githeri. Mboga za terere na managu hapo sokoni ni bei gani? Na dagaa, omena, je? Sukari kwenye chai punguza mpaka uiache. Na vidonge vya presha umeze kila siku, usidanganywe na mtu kwamba chakula pekee kitatosha."

Nilishangaa kwa jinsi ilivyokuwa rahisi, kisha nikakasirika upya. Maharagwe yalikuwa yamekaa mbele yangu miaka kumi na moja. Yule msichana angetumia dakika tano tu kuniuliza, mwanangu asingekuwa pale kitandani na sindano mkononi.

Jumapili iliyofuata nilifika kwenye chama nikiwa nimechelewa kwa makusudi, ili wote wawepo. Rafiki yangu alikuwa amepanga makopo mapya mezani. Niliweka langu katikati yao.

"Hili lilimwangusha mtoto wangu shuleni," nilisema. "Na mimi liliniangusha kwenye moto."

Rafiki yangu akasimama.

"Mtoto nilimuuzia mimi? Ni wewe uliacha kopo ovyo."

"Hilo ni kosa langu, na nitalibeba mpaka nife. Lakini nilikwambia nimeanguka, ukaniambia niendelee. Hilo ni lako."

Mke wa mzee wa kanisa, ambaye kwa kawaida haongei, akasema polepole, "Mimi niliharisha damu. Nilidhani ni mimi peke yangu." Mwingine akasema moyo wake ulikuwa ukigonga usiku kucha. Wengine wawili wakainua mikono. Tulikuwa watano. Watano, tunakutana kila Jumapili, tunakunywa chai pamoja, na kila mmoja alikuwa amefungia aibu yake chooni kwake.

"Na wewe?" nilimuuliza rafiki yangu. "Wewe unakunywa vijiko vingapi?"

Akaanza kuyapanga makopo upya. Nikauliza tena kwa sauti iliyowafanya watoto wa mwenyekiti wachungulie mlangoni.

"Sijawahi kunywa," alisema.

"Na huko kukonda?"

Alikaa chini. "Kibanda changu kilibomolewa barabara ilipopanuliwa. Si mliona? Nilikuwa nakula mara moja kwa siku, siku nyingine sili. Nikaja hapa nikiwa na njaa, nikitaka kuomba msaada, mkaanza kunipigia makofi. Umependeza, umependeza. Mkaniuliza siri. Ningesema nini? Kwamba siri ni njaa? Halafu mtu akaniletea makopo nikauze."

Nilitamani kumzaba kofi. Nilitamani pia kujizaba mimi. Nilikumbuka Jumapili moja nikimzungusha katikati ya chumba kile kile, nikimshika kiuno, nikiwaambia wenzangu watazame, naye akitabasamu, tumbo tupu. Lakini alijua njaa ni nini, na bado alituuzia kuhara na kuiita afya. Niliyabeba yale makopo yote kwenye kikapu, nikayamwaga chooni moja baada ya jingine, naye amesimama nyuma yangu akilia kwamba atamlipa nini aliyemletea. Hakuna aliyenizuia.

Hakurudi kwenye chama. Nasikia mwenyekiti humpelekea unga wa ugali mara moja moja, na ni vizuri. Mimi sijampelekea. Watu wa kanisani wameniambia nisamehe, nami huwauliza kama wameshamwambia yeye aende kumwomba mwanangu msamaha. Hapo hubadilisha mazungumzo.

Sasa yapata mwaka mzima. Asubuhi, kabla ya mandazi, sufuria yangu ndogo ya githeri huwa tayari imeiva pembeni. Nilikata idadi ya chapati; zikiisha, zimeisha, na anayechelewa anachukua ndengu. Mwanzoni nilipoteza wateja, wengine wakarudi, na wawili wenye ugonjwa wa sukari hunipigia simu mapema niwawekee bakuli la maharagwe yasiyo na mafuta. Mboga naifuata sokoni kwa miguu badala ya kuletewa na pikipiki. Nimepungua taratibu, miezi mingine nusu kilo, miezi mingine hakuna. Magoti yamepoa. Kidonge cha presha bado nameza. Majirani wengine wanasema nimekonda kwa sababu nina ugonjwa ninaoficha, na waseme.

Binti yangu ndiye ninayemwangalia zaidi. Kwa miezi mingi alikuwa akichokora sahani, akihesabu punje, na mimi nikijifanya sioni kwa sababu nesi alinikataza kumlazimisha. Juma lililopita alitoka shule amelowa mvua, akavua viatu, akajipakulia terere na ugali. Alimaliza. Kisha akanyoosha mkono akachukua mwiko, akajiongezea, akala huku akinisimulia jinsi mwalimu wa hesabu alivyoketi kwenye chaki. Nilicheka mahali pa kuchekea. Sikutazama sahani yake hata mara moja, na mikono yangu, chini ya meza, ilikuwa imeshikana kwa nguvu.