Baiskeli ya Mota kwenye Mlima wa Githongo

Mimi na baba yangu tulikuwa na mahali pamoja tu pa kuongea, napo ni kwenye mlima wa kurudi nyumbani. Nyumbani kwenyewe, upande wa Githongo, baba alikuwa mtu wa kukohoa akiingia uani, kuuliza chai iko wapi, na basi. Mezani hakuongea. Kanisani alikuwa mmoja wa wazee, lakini zamu yake ya kutoa matangazo ikifika alimsukumia mwenzake karatasi. Ila jioni, pale lami inapoanza kuinuka na mtu hana budi kuteremka na kusukuma baiskeli, mdomo wake ulifunguka.

Wakati huo miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Baba alikuwa mpishi katika shule moja pale Kaaga, nami nilikuwa fundi wa kusuka upya mota zilizoungua katika karakana moja karibu na Kinoru, kulekule chini mjini. Asubuhi tuliteremka pamoja bila kukanyaga pedali, baridi ikitukata masikio. Jioni alinipitia karakanani, tukaanza kupanda. Baiskeli zetu zilikuwa zile nyeusi za chuma kizito, na kwenye mlima ule hakuna aliyezipanda. Kila mtu alizisukuma, walimu, makarani, wauza maziwa na mitungi yao mitupu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba mama alimkataa mara ya kwanza alipotumwa mtu kwenda kuposa. Hapo ndipo nilipojua aliacha shule kwa sababu gani. Alikuwa na habari moja ndefu ya ujana wake kule Embu, upande wa chini kwenye joto, alipokuwa kibarua wa kupakia pamba, akawa ananisimulia kidogo kidogo kama mtu anayekula muwa. Katikati ya maneno alikuwa na desturi ya kusimama na kuinama. "Ngoja nikaze mnyororo," angesema. Mimi nilikuwa namcheka kwamba mnyororo huo utakatika kwa kukazwa. Nilikuwa fundi, na nilitazama mnyororo ule kila siku, na haikunijia hata mara moja kwamba haukuwa umelegea.

Mwalimu mmoja mzungu pale shuleni alimaliza mkataba wake, akawa anagawa vitu vyake kabla ya kuondoka. Baba alikuja karakanani jioni hiyo na kasha limefungwa kwa mpira kwenye kariya nyuma ya baiskeli. Ndani yake mlikuwa na gurudumu la baiskeli lenye habu, kile kitovu cha katikati, nene kama sufuria ndogo, kisanduku cha kudhibiti umeme, mshiko wa kuongezea kasi, na nyaya zilizokunjwa vizuri. Mota ilikuwa ndani ya ile habu. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama hicho, na mikono iliniwasha.

"Mzungu amesema hii inafanya baiskeli ipande mlima yenyewe," baba alisema. "Wewe ndiye unajua mambo ya stima."

Sikumuuliza kwa nini mzungu alimpa yeye, mpishi, wakati walimu wa fizikia walikuwa wamejaa pale. Mtu hapewi mota ya kupanda mlima bure bure. Huenda yule mwalimu aliwahi kumwona getini jioni ameegemea baiskeli. Sijui, na sasa hakuna wa kumuuliza. Ninachojua ni kwamba kasha lilikuwa la baba, na kabla hatujafika nyumbani nilikuwa nimeshaamua litafungwa kwenye baiskeli ipi.

Ilinichukua jioni nyingi. Rimu ya gurudumu lile la kigeni ilikuwa ndogo kuliko yetu, kwa hiyo baiskeli iliinama mbele, na breki ya vyuma haikuifikia tena, ikabidi nishushe pedi kwa vibati nilivyokata mwenyewe. Ekseli, chuma kinachopita katikati ya habu, ilikuwa nene, nikapiga tupa uma wa mbele mpaka ikaingia. Nyuma nilitengeneza sanduku la mbao la kubeba betri mbili za gari zilizotumika, nikaziunganisha zisaidiane. Siku ya kwanza nilipofungulia mshiko, gurudumu lilibaki limetulia na ekseli ndiyo iliyozunguka, ikazisokota nyaya zote na kuzikata. Baba alikuwa amesimama kando na taa. Hakucheka. Alikwenda akaniletea spana kuukuu kutoka kwenye kikapu chake cha vyuma, akaniuliza kama haiwezi kuishika ile ekseli isizunguke. Niliifunga ile spana kwenye uma kwa vibano, ikashika, na haikusumbua tena.

"Ikikaa sawa nitakupa ujaribu," nilimwambia.

"Hakuna haraka," alijibu.

Jioni ya kwanza ya kupanda na mota ile, nakiri nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi. Mota ililia kwa sauti nyembamba, mimi nikisaidia kwa kukanyaga pedali kidogo, na watu walioinamia baiskeli zao wakainua vichwa. Mwenzangu wa karakanani alipiga kelele kutoka ng'ambo, "Buda, hiyo inabeba mtu ama inasaga unga?" Akina mama waliobeba nyasi za ng'ombe mgongoni walisogea kando kunipisha, na mimi nikawapita nimekaa. Nilipogeuka baba alikuwa mbali chini, mkono mmoja juu, akinipungia niendelee.

Nikaendelea. Mwanzoni nilimsubiri juu pale kwenye kituo cha kupokelea kahawa, tukamalizia pamoja sehemu ya tambarare. Lakini betri zilikuwa kuukuu na sikutaka kusimama na kuondoka tena, maana kuondoka ndiko kunakokula umeme. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nikaanza kwenda moja kwa moja hadi nyumbani, na habari ya Embu ikakatikia pale ilipokuwa. Alikuwa amefika mahali ambapo mwenye lori alikataa kuwalipa, na yeye na wenzake wakakaa juu ya magunia wakagoma kushuka. Mpaka leo sijui walishuka vipi.

Sasa nitasema jambo linaloniuma kuliko yote. Nilimtumia baba yangu kupimia mota. Nilifika nyumbani, nikanawa, nikakaa kwenye kigoda na kikombe cha uji, nikaangalia saa mpaka aingie. Kadiri alivyochelewa ndivyo nilivyojisifu. Nilikuwa nimesafisha brashi za mota, vile vipande vya ndani vinavyopitisha umeme, nimepaka grisi, nimekaza spoki, na wiki iliyofuata nilimsubiri zaidi, nikasema moyoni kazi yangu inaonekana. Nikabadilisha nyaya nikaweka nene zaidi. Nikamsubiri zaidi. Kila niliporekebisha kitu, baba alichelewa kidogo kuliko jana, na mimi, fundi wa kutafuta hitilafu, sikufikiri hata siku moja kuangalia upande wa pili wa hesabu. Mota ilikuwa ileile. Aliyekuwa anabadilika ni yeye.

Mama aliona. Jioni moja aliingia jikoni na kutoka mara kadhaa, kisha akaniuliza, "Unamwachaga baba yako wapi?"

"Mama, mimi nina mota, yeye ana miguu," nilisema, tena nikicheka.

Alirudisha sufuria motoni chakula kisipoe.

Kulikuwa na dalili nyingine, na hiyo nayo niliichezea. Katikati ya mlima alikaa mama mmoja aliyeuza ndizi, jirani wa upande wa pili wa kijito, mwanamke wa mdomo mwepesi. Siku moja alinisimamisha. "Baba yako siku hizi ni rafiki yangu," alisema. "Anakaa hapa kwangu mpaka jua linaisha. Nikimpa ndizi hali, anaangalia tu barabara." Nilimtania baba jioni hiyo kwamba amepata mchumba pale mlimani, na kwamba mama akisikia atamnyima chakula. Baba alitabasamu, akavua viatu vyake polepole. Nilijisikia mjanja sana. Nafikiri yeye alijisikia ameepuka kuulizwa.

Kisha ikaja jioni ambayo hakufika. Kigiza kilikuwa kinaanza na ng'ombe walikuwa wameshakamuliwa. Mama alisimama mlangoni na leso mabegani, akanitazama tu. Niliichukua baiskeli nikateremka, na bado, Mungu anisamehe, nusu ya njia nilikuwa nimekasirika kwamba nitapanda mlima mara mbili na betri hazitatosha.

Alikuwa kwa yule mama wa ndizi, amekaa kwenye kreti iliyopinduliwa. Viatu vyake vilikuwa kando, na niliona kwa nini: miguu ilikuwa imefura, ngozi inang'aa juu ya soksi, haingeweza kuingia tena kwenye viatu vile. Alikuwa anavuta pumzi kwa mdomo. Yule mama alikuwa amemfunika na kanga, na aliponiona aliacha utani wake wote.

"Nilitaka kumtuma mtu," alisema. "Yeye anasema usisumbuliwe."

"Nimechoka kidogo tu," baba alisema. "Nilikuwa naondoka sasa."

Baiskeli yake tuliiacha pale. Nilimwinua nikamketisha kwenye yangu, nikamwonyesha mshiko, na nikatembea kando nikishika usukani kwa mkono mmoja na mgongo wake kwa mkono mwingine. Alikuwa mwepesi, na sikujua alianza lini kuwa mwepesi. Nilifungulia mota kwa kipimo kidogo, iende kwa mwendo wa mguu. Ililia ile sauti yake nyembamba, ikatuvuta. Pale ambapo kila mtu huinama na kusukuma, baba alikuwa amekaa wima, miguu yake yenye soksi ikining'inia juu ya pedali, akiangalia mashamba ya kahawa yakipita pande zote mbili.

Tulienda kitambo. Halafu akasema, taratibu, "Kumbe ni raha hivi."

Nilishukuru kwamba kulikuwa na giza kidogo na kwamba nilikuwa na usukani wa kushughulikia. Nilikuwa nimekaa na raha hiyo miezi mingi, na ilikuwa yake tangu siku ya kwanza, na hakuniomba hata mara moja nimwonjeshe.

Asubuhi tulimpeleka hospitali. Mama alibaki nje na kikapu cha nguo, akisali kimoyomoyo, mimi nikaingia naye, nikaeleza nilivyomkuta mlimani akitoka kazini. Daktari alikuwa kijana, wa rika langu. Alibonyeza mguu wa baba kwa kidole, na kidole kilipoondoka shimo likabaki. Alisikiliza kifua mbele, akasikiliza mgongoni, akamwomba alale chali, na baba akashindwa kulala kwa sababu pumzi ilikatika. Daktari akamrudisha akae.

"Mzee, hii kukosa pumzi ilianza lini?"

"Juzi," baba akasema.

Ni wazi kwamba daktari hakuamini. Akaeleza, bila ukali, kwamba moyo haudhoofu hivyo kwa siku mbili, kwamba ugonjwa ungekuwa umegunduliwa mapema kungekuwa na mengi zaidi ya kufanya, na kwamba anahitaji kujua umesumbua muda gani ndipo ajue dawa gani za kuanza nazo. Kisha akanigeukia mimi.

"Mnatoka kazini pamoja?"

"Ndiyo."

"Njia ni moja?"

"Ni moja."

"Basi wewe utaniambia. Alianza lini kupumzika kwenye mlima? Kabla ya Krismasi? Kabla ya mvua?"

Nilifungua mdomo. Ningeweza kumwambia ni lini brashi za mota zilianza kuisha, na ni kona gani habu hupata moto mpaka mtu akasikia harufu. Ningeweza kumwambia ni mvua gani iliyoingia kwenye kile kisanduku na nilikikausha vipi. Daktari alisubiri, kalamu mkononi. Lakini alichouliza yeye sikukijua.

Baba aliniona. Aliweka mkono wake juu ya goti langu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mtu.

"Usimuulize huyu, daktari," alisema, akikatizwa na pumzi katikati. "Huyu hawezi kujua. Huyu huwa ametangulia."

Na alisema hivyo kwa kunijivunia.