Nyasi za Kutazamwa

Nyasi zinazokauka zikiwa zimesimama, bila kuguswa na jino la ng'ombe wala makali ya mundu, zina harufu yake. Ni harufu tamu na nzito, yenye vumbi ndani yake, na upepo wa ziwani ukiipeleka jioni inaingia mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Wenzangu wakiisikia husema inapendeza. Mimi hunipandisha hasira, na sitaki kujifanya kwamba imepoa. Niliizoea likizo moja ya kiangazi nikiwa darasa la tano, nilipotolewa kwetu Kiseke, mjini, nikapelekwa kwa Babu, baba yake mama, kijijini upande wa Misungwi, ambako mashamba yanateremka katikati ya majabali mpaka ziwani. Shamba la Babu liliishia kwenye uzio wa seng'enge, na ng'ambo ya uzio kulikuwa na mahali ambapo kijiji kizima kilipaita Esteti.

Palikuwa pakubwa hasa. Juu ya kilima ilikaa nyumba ya mawe yenye baraza pana na paa la bati jekundu, iliyojengwa enzi za ukoloni na Mzungu mmoja aliyelima pamba. Mzungu aliondoka, pamba ikafifia, nyumba ikapita mikono mingi, na miaka ile ilikuwa mali ya kampuni ya Dar es Salaam iliyokuwa ikileta wageni kupumzika na kutembea. Njia nyembamba zilikuwa zimetandazwa kila upande, kingo zake zikiwa na mawe yaliyopakwa chokaa, zikizunguka majabali, zikikata mbuga, zikishuka majini. Bibi alikuwa hachoki kuwacheka hao wageni. "Mtu anasafiri toka mbali aje kutembea kwa miguu! Si aje hapa kwangu, nimtume kisimani." Katikati ya njia hizo zilisimama nyasi, nyingine zikinifika kifuani, mbuga nzima, na hapakuwa na hata mbuzi mmoja ndani yake.

Mwaka ule mvua ziliwahi kukatika. Sisi Wasukuma tuna ngitili, yaani sehemu ya malisho inayofungwa wakati wote wa mvua ili nyasi zikue, kisha hufunguliwa kiangazi kikibana. Nyasi zikiwa zimefungwa, hata mlevi haingizi ng'ombe humo. Zikifunguliwa, wanatangulia ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na wagonjwa. Na mwaka wa shida, mwenye ngitili iliyobaki huwafungulia majirani waliokwisha maliza zao. Hilo halikuandikwa mahali, lakini Babu alisema hajawahi kusikia mtu aliyekataa. Ngitili yake ilikuwa imeliwa mpaka udongo ukaonekana, na ng'ombe wake Madoa alikuwa amezaa wakati mbaya. Ndama wake, jike jekundu lenye masikio makubwa, Babu alinishika mkono akaniambia, "Huyu ni wako." Sijawahi kupewa kitu kikubwa kuliko hicho. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nasimama kwenye seng'enge, nyuma yangu mbavu za Madoa zinahesabika, mbele yangu bahari ya malisho. Babu hakuwa na wasiwasi. Alipotazama kule aliona ngitili iliyotunzwa vizuri kuliko zote, basi. Haikumwingia akilini kwamba duniani kuna watu wanaofunga nyasi wasizifungue.

Akaanza kwenda Esteti kuomba. Lakini mtu wa makamo yake haombi kwa mdomo. Alivaa koti, akachukua fimbo, akanichukua na mimi, tukapokewa barazani na meneja, Bwana Kamugisha, mtu wa Bukoba, mpole, mwenye miwani na shati lililonyooka pasi. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?" Wakazungumza mvua zilivyokatika. Wakazungumza ziwa lilivyorudi nyuma. Babu akasema, "Nyasi zenu zimestawi kweli kweli," akanyamaza, akayatazama malisho kwa muda mrefu. Kwa jirani yeyote wa kwetu hayo yalitosha; angejibu, "Basi kesho walete ndama." Bwana Kamugisha, aliyekulia kwenye migomba na kahawa, alitabasamu kwa furaha akasema, "Kweli mzee, mandhari ni nzuri sana," akatuletea chai. Tukanywa, tukaaga, tukarudi mikono mitupu.

Tulikwenda tena, na tena. Kila safari ilikuwa ile ile: mvua, ziwa, nyasi, kimya, chai. Njiani kurudi nilikuwa karibu kulia kwa hasira. "Babu, si umwambie tu?" Akanijibu bila kugeuka, "Mtu mzima haambiwi njaa ya jirani. Anaiona." Nyumbani Bibi naye alikuwa ameanza kuchemka. Alimwambia kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Babu akamjibu kuwa subira huvuta heri. "Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema Bibi, "na tumbo linaloumia ni la Madoa." Wakati huo Madoa akilala ilibidi tumwinue kwa mkono, mmoja mkiani, mmoja kwenye pembe, na ndama alikuwa ananyonya chuchu zisizotoa kitu.

Ndipo ukaja mwaliko. Bwana Kamugisha alimtuma mlinzi aseme kwamba kwa kuwa mzee anaipenda sana Esteti, siku ya Jumamosi angependa kumtembeza yeye mwenyewe, pamoja na mjukuu wake. Babu aliuelewa ujumbe huo alivyoweza kuuelewa: jirani amesikia, sasa anamwita aje aonyeshwe upande atakaoingizia ng'ombe. Alinyoa ndevu. Alichukua hata kamba.

Tulitembea asubuhi nzima. Tulionyeshwa jabali lililokaa juu ya jabali jingine, ndege wa kila rangi, na ghala la pamba ambalo sasa lilikuwa na viti vya kupumzikia. Kwenye kila kona palikuwa na kibao cha kuwataka watu wasitoke njiani, na Babu, mchungaji wa maisha yote, alitembea katikati ya mawe meupe akiwa ameshika kamba yake. Tulipofika juu kabisa, mbuga nzima ikiwa chini yetu na ziwa likimetameta mwisho wake, Bwana Kamugisha akanyoosha mkono akasema kwa fahari, "Mzee, nyasi hizi tangu tufike hazijaguswa. Wageni wanapenda kuzitazama upepo ukipita." Nilimwangalia Babu. Uso wake haukubadilika, ila kamba aliihamishia mkono mwingine. Hapo nikashindwa. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, "Ng'ombe wetu anakufa! Babu anakuja kuomba nyasi kila siku na wewe unampa chai!"

Babu alifumba macho. Bwana Kamugisha alivua miwani, akaivaa tena. "Mzee," alisema, "mbona hukuniambia?" Babu akajibu taratibu, "Nilikuja, mwanangu." Meneja akaanza kueleza kwamba yeye ni mwajiriwa tu, kwamba hawezi kuamua peke yake, kwamba lazima awaulize wakubwa Dar es Salaam. Nawakumbusha kwamba nyasi zilikuwa pale miguuni mwetu, na Madoa alikuwa ng'ambo ya seng'enge, tukiita angesikia. Lakini ruhusa ilikuwa Dar es Salaam. Siku zile simu ilishika juu ya jabali moja tu pale kilimani, na kutoka kwetu tulikuwa tunamwona, asubuhi na jioni, amesimama juu yake na shati lake jeupe, mkono sikioni. Sikuwahi kusema hakujitahidi.

Madoa alipolala mara ya mwisho na kukataa kuinuka, Babu alimchinja kabla hajafa mwenyewe. Nyama ilikuwa kidogo na ngumu. Kesho yake mchana, tukiwa tunakula, Bwana Kamugisha akaja mbio kwa miguu, jasho linamtoka, anacheka tangu mlangoni. "Mzee, wamekubali! Mnaweza kukata nyasi kandokando ya njia, kwa mundu, kuanzia leo!" Babu akainuka kumpokea. "Karibu, karibu sana mwanangu. Kaa." Bibi akaleta maji ya kunawa. Mgeni akakata ugali, akachovya, akatafuna, akasifu mchuzi. Kisha akauliza, "Na ng'ombe mwenyewe yuko wapi? Nilitaka nimwone." Macho yake yakazunguka uani mpaka yakafika kwenye ngozi yenye madoa, imewambwa juani kwa vigingi. Tonge likabaki mkononi. "Kula kwanza, mwanangu," alisema Babu, akamsogezea bakuli. Na yule mtu alikula, kwa sababu hakukuwa na jambo jingine la kufanya, machozi yakimtiririka. Ndama wangu alimfuata mamaye kabla likizo haijaisha, licha ya nyasi zote tulizomkatia. Alikuwa mdogo mno kuzila.

Babu na Bibi wametangulia mbele ya haki. Wajomba waligawana ngitili, wakaikata viwanja, na leo kuna nyumba za tofali na mahindi yaliyodumaa. Ng'ombe hakuna, maziwa tunayonunua hapa mjini yanakuja kwenye pakiti. Esteti bado ipo na imefungwa vile vile. Mwaka huu niliwapeleka wanangu, na kijana aliyetutembeza, mzaliwa wa kijiji kile kile, akawaeleza wageni kwamba Wasukuma walikuwa na desturi nzuri ya kutunza nyasi iitwayo ngitili, na kwamba wao pale wanaiendeleza. Nilitaka kupiga kelele. Nikajiuliza nimpigie nani: kampuni iliyofunga ikakataa kufungua, au sisi tuliofungua tukauza? Nilikuwa nimekusudia kuwaonyesha watoto malisho ya Babu, nikalazimika kuwapeleka kwa jirani aliyemnyima. Binti yangu alisimama katikati ya nyasi zilizomfika kifuani, upepo ukazilaza zote upande mmoja, akanigeukia akasema, "Mama, hapa pazuri."