Beseni la Mposé Chini ya Kitanda cha Hélène

Mtaa mzima wa Kabondo hakuna anayejua kuuza mposé kama Hélène, na wa kwanza kukwambia hivyo ni Hélène mwenyewe. Mposé ni wale funza wanene wa mchikichi. Mtupe mmoja kikaangoni, anajikaanga kwa mafuta yake. Zamani Hélène aliwangoja watu wa msituni waangushe michikichi ndipo apate mzigo. Halafu chuo kikuu kikapata namna ya kuwafuga nyumbani, ndani ya beseni, kama kuku.

Mtafiti wao, Grâce, msichana mwembamba mwenye maneno ya mbio, alimletea beseni la kwanza kwa pikipiki.

"Mama Hélène, hii kazi hatutaki ioze ndani ya kabati ya chuo. Tunakupa mbegu na ujuzi. Wewe unafuga, unauza, unatuambia nini imeenda muzuri na nini imekufa. Faida tunagawana. Jumamosi nakuja na Papa Henri wa hoteli. Akikuta beseni imejaa, anasaini mkataba. Lakini usikaange hata moja."

"Mimi? Kwetu tuko na roho ngumu," Hélène akasema, akimeza mate.

Akalisukuma beseni chini ya kitanda, akalifunika kwa kitenge, akatoka kuwatangazia majirani kwamba hoteli itakula kwa mkono wake, na wake peke yake. Alichosahau, maskini, ni kwamba duniani kuna mama mkwe.

Ijumaa Mama Déborah, aliyemzaa mume wake, alishuka kwenye mtumbwi kutoka Yanonge bila taarifa, kuku kwapani. Hélène akampikia sombe, majani ya muhogo, na samaki. Bibi akala, akashukuru, akaingia chumbani kunyoosha mgongo. Sasa mposé wana tabia moja mbaya: wakila, wanasikika.

"Hélène. Kitanda yako inatafuna."

"Ni panya, mama."

"Panya ya Yanonge haina meno ya hivi." Akainama, akavuta kitenge.

Kwa watu wa mto, kumficha mkwe mposé ni kosa la kuitia ukoo mzima kikao. Jean-Paul, mume wa Hélène, alikumbuka ghafla kwamba nyumba haina chumvi, akatoka, wala hakuonekana tena siku hiyo.

"Kumbe mimi niko mutu ya sombe," Mama Déborah akasema polepole. "Hii mposé iko ya nani?"

"Iko ya chuo kikuu, mama."

"Na inasoma darasa gani?"

Hélène akaeleza yote: ufugaji, hoteli, saini. Bibi alisikiliza, macho yasitoke ndani ya beseni.

"Bon. Hiyo chuo imegawa akili na wewe. Wewe uligawa na nani?"

Hélène akapiga hesabu. Akimnyima, jina lake litashuka na mto hadi Isangi. Akikaanga, hoteli imekwenda na maji. Akakuna kichwa, akakuna tena, kisha akachukua beseni lingine, akahamishia nusu ya mposé, wazima, pamoja na vipande vya mchikichi.

"Chukua, mama. Utafuga kule. Ila usikaange."

Bibi akalibeba beseni moja kwa moja jikoni.

Jumamosi Papa Henri akaingia, tumbo likimtangulia, akachungulia beseni. "Nusu? Mimi niko na meza kumi na mbili, mama." Grâce akamtazama Hélène kama mtu aliyeona pikipiki yake ikiingia mtoni.

"Nusu ingine iko kwangu," Mama Déborah akasema kutoka jikoni. "Inaenda Yanonge. Kule michikichi imetushinda wingi."

"Donc tuko na wafugaji wawili?" Grâce akaruka, akamkumbatia bibi na mwiko wake. "Papa Henri, ya hapa ikifa, ya kule inakulisha. Na ujuzi wa kule tunaleta huku."

Hofu ya Papa Henri ilikuwa hiyo hiyo: kumtegemea mwanamke mmoja na beseni moja. Akatoa kalamu. Kisha akairudisha mfukoni. "Mimi sisaini kitu ulimi haujaonja."

Wote wakaligeukia beseni la Hélène. Hélène akalikumbatia.

Jikoni kikaango kikaanza kulia.

"Hizi chache ni za kwangu," bibi akasema. Grâce alifungua mdomo akataze, harufu ikamuwahi. Papa Henri akavuta kiti na kalamu kwa pamoja, akasaini huku akitafuna.

"Tatizo ni moja," akasema. "Haina chumvi."

Ndipo Jean-Paul akatokea mlangoni, pakiti mkononi.