Viatu vya Taa vya Owori

Siku niliyomjibu vibaya mama mkwe wangu naikumbuka vizuri, mwanangu, wewe uliyebeba mtoto mgongoni. Hata rangi ya kiatu kilichotugombanisha naikumbuka. Kilikuwa chekundu, cha plastiki, chenye taa kisiginoni. Mtoto akikanyaga chini, taa inawaka. Viatu hivyo nilikuwa nikivitoa Busia, upande wa Kenya, navuka navyo kichwani kwa njia za panya mpaka sokoni Tororo, Uganda, na haki ya Mungu, vilinunuliwa kuliko chumvi. Usinione leo nimekunjamana hivi. Nilikuwa mfanyabiashara mimi, tena mwenye maringo.

Mwanangu wa kwanza, Owori, alikuwa na miaka mitano. Nikamletea jozi moja. Alitembea uani tangu asubuhi mpaka jioni, akalala navyo miguuni. Wiki tatu tu, taa zikafa. Kiatu chenyewe hakikuwa na hata mchubuko. Owori akavivua, akavirusha kule migombani, akasema vimekufa, anataka vingine. Nami nikafungua furushi la biashara nikampa vingine. Nilijiona mama mwema, kwa sababu mimi shule nilikwenda peku, na niliapa mwanangu hatalilia kitu.

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni pa jiko lake akichagua masuke ya wimbi. Alikuwa na shamba pale kwetu Nabuyoga, kando ya kinamasi. Kila mavuno alichagua masuke makubwa kwa mkono, akayatundika juu ya moto ili moshi ufukuze wadudu, na hiyo ndiyo ilikuwa mbegu yake ya mwaka unaofuata. Hakuwahi kununua mbegu dukani. Mvua ikiwatupa watu, majirani walikuja kumwomba yeye. Basi akainuka polepole, akaenda migombani, akarudi na vile viatu akivipangusa kwa leso.

"Mama Owori," akasema, "kiatu hiki ni kizima. Mtoto amekataa kitu kizima, na wewe umempa kingine. Kesho atakataa nini?"

Ilinipasa kunyamaza. Kwetu mama mkwe hajibiwi. Lakini mdomo wangu ulishazoea kubishana na wateja. Nikamwambia, "Mama, unasema hivyo kwa sababu huna cha kumpa."

Lo! Hata sasa nikiyarudia maneno hayo nasikia aibu. Hakunifokea. Aliniomba jambo moja tu: nimwachie Owori msimu mmoja, apande naye, apalilie naye, avune naye, achague mbegu naye. Nikacheka. Nikamwambia mwanangu hatachafua mikono kwa udongo, atasoma, atakaa ofisini kwenye kiti cha kuzunguka. Wiki ileile nikabeba vyangu, nikamchukua Owori, tukahamia Tororo mjini.

Ofisi gani, mwanangu? Owori anaendesha bodaboda. Siidharau kazi yake, watu anawabeba vizuri. Lakini alikua vilevile nilivyomlea. Redio ikikwaruza, inatupwa. Shati likidondosha kifungo, linageuka tambara. Na mimi, mjinga, nikawa naleta tu. Nyuma ya nyumba tulichimba shimo la taka, likajaa, tukachimba la pili. Mvua ikinyesha, plastiki zetu zinaelea mpaka mlangoni kwa jirani, na matusi tunayapata juu yake.

Mama mkwe alifariki sisi tukiwa mjini. Niliporudi Nabuyoga kukaa, mbegu zake zilikuwa zimeisha, hakuna aliyejua kuzitunza. Nikapanda za dukani, nikajikongoja hivyohivyo, na shamba lile likanilisha.

Mwaka huu, baada ya mavuno, Owori akaja na mtu wa matofali. Anataka kuuza shamba, urithi wake kwa baba yake, anunue pikipiki mpya. Na ile aliyonayo inatembea! Ndiyo iliyonipeleka hospitali nilipougua. Lakini wenzake wa bodaboda pale stejini wamenunua mpya, na ya kwake, anasema, inamtia aibu. Nililia mbele yake. Nilimpigia magoti, mimi mama yake.

Akaniinua. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. "Mama, usilie bure. Mimi shamba nitalifanyia nini? Hata sijui wimbi hupandwa mwezi gani. Nani alinionyesha?"

Nikajipangusa machozi, nikawaacha wapime. Shamba limekwenda. Ukipita pale sasa utakuta mashimo yamejaa maji na watu wanachoma matofali. Ule udongo mweusi wa juu wameusukuma pembeni, hawana kazi nao. Unga wa uji wa wajukuu nanunua sokoni, umefungwa kwenye kavera, mfuko wa plastiki, na kavera yenyewe naitupa kulekule kwenye shimo la taka.

Sitakudanganya kwamba mambo yatatengemaa. Mimi sioni. Watoto wa Owori ni Owori mtupu, na wakiniona nimeshika sindano nashona shati lililochanika wananicheka: "Nyanya, si tununue tu lingine?" Nimechelewa kwa mwanangu, nimechelewa kwa wajukuu. Wewe mwenye mtoto mgongoni hujachelewa, ndiyo maana nakusumbua.

Mnyime. Mnyime angali mdogo, maana akilia leo kesho amesahau. Kiatu kizima akivae mpaka kimbane, kisha kiende kwa mdogo wake. Mpe kijembe chake na mstari wake shambani, na uende naye mwenyewe, usimtume. Gauni lako likichanika, tia kiraka ulivae mbele yake kichwa juu. Akiona unajificha, maneno yako yote yamekwenda na maji. Na kama nyumbani kwenu kuna mzee anayejua kutunza mbegu, mpelekee mtoto wiki hii, usingoje likizo.

Pengine nawe utanicheka. Nimezoea. Hata hivyo nakuombea: Mungu akupe ugumu wa moyo, mwanao akununie angali mdogo. Akuzeeshe juu ya ardhi yako mwenyewe, na siku meno yakikuishia, ukoroge uji wa wimbi alioulima yeye. Amina.