Wifi Yangu Alinifunga Kidevu Nikiwa Hai

Nilipofungua macho, wifi yangu Faida alikuwa ananifunga kidevu kwa kitambaa cheupe.

Kwetu Kasongo kila mtu anajua anayefungwa kidevu ni nani.

Maiti.

Uso wangu ulikuwa umeelekezwa kibla. Mikono imenyooshwa ubavuni. Na Faida, machozi yanamtiririka, alikuwa amefika katikati ya Yasini.

Nikavuta pumzi. Iliingia na mlio kama wa pikipiki inayokataa kuwaka.

Faida alipiga kelele moja tu. Akatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni.

Ndugu zangu, sikuwa nimekufa. Nilikuwa nimelala. Na hospitali nilikwenda kwa kazi hiyo hiyo: kulala.

Ngojeni niwaeleze mwenyewe, maana mjini habari hii imeshaelezwa vibaya mara nyingi mno.

*

Naitwa Hidaya, Mama Zakaria. Nina miaka arobaini na sita na niko mwaka wa pili wa masomo ya jioni. Utotoni kwetu Lusangi kaka zangu walipelekwa shule, mimi nikapewa jembe. Yasini naijua kwa moyo tangu msichana, lakini maana yake nilikuwa naambiwa na watu. Nikaapa nitaisoma maana hiyo kwa macho yangu kabla Mungu hajanichukua.

Shida ilikuwa moja. Usingizi.

Nilikuwa nalala nikichambua mchele. Nalala nikiongea na mteja dukani kwa bwana yangu. Nalala darasani, shavu juu ya daftari.

Mwalimu Jean-Paul aliniambia, "Mama Zakaria, daftari haiko muto ya kulalia!"

Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, lakini nikafika nyumbani nikalia.

Sasa niwaambie jambo lililonitia aibu kuliko yote.

Nilikuwa nalala kwenye sijda.

Wallahi. Baada ya Isha, akina mama wakimaliza sunna zao, mimi nilikuwa bado nimeinama. Dakika tano. Dakika kumi. Nikiinuka, mkeka umelowa.

Bi Aicha, mkubwa wa akina mama msikitini, aliugusa ule mkeka kwa vidole akasema kwa sauti, "Muangalie machozi ya mutu anayezungumuza na Mola wake."

Yalikuwa mate.

Sikusema kitu. Kesho yake mama mmoja akaniletea mtoto mwenye homa nimpulizie dua. Wiki iliyofuata wakaja watatu. Wakaanza kunipisha mlangoni. Wakaanza kunishika mkono wa kulia na kuubusu.

Nilijua kabisa kwamba usingizi mzito unaharibu udhu, kwa hiyo sala ile haikuwa sala. Kila usiku nilikuwa naomba msamaha kwa Mungu. Na kila asubuhi nilikuwa nalipokea lile busu.

*

Siku moja nilisinzia nikikaanga mikate. Mkono ukaingia kwenye mafuta.

Bwana yangu Hemedi alinifunga jeraha. Alipomaliza akasema, "Masomo iishe, Mama Zakaria. Ile buku inakukausha kichwa."

"Haiko buku. Nilikuwa nasinzia hata mbele ya kuanza masomo."

"Iishe."

Dada yake, huyo Faida, alikuwepo, kama kawaida yake penye mambo ya watu. Akadakia, "Mutu muzima anaenda kusoma a, e, i, o, u na batoto yake wanajua kusoma! Usingizi gani haitamushika?"

Wakati huo alikuwa amekuja daktari kutoka Bukavu, Dokta Laetitia, na mashini ya kupima watu wanapolala. Nikamwambia Hemedi twende. Alikataa siku tatu. Siku ya nne akasema:

"Bon. Tuende. Lakini kama mashini haioni kitu, unaacha masomo."

"Na ikiona?"

"Utaendelea."

"Sema mbele ya dada yako."

Akasema. Faida akawa shahidi, akicheka.

Kwa hiyo mkae mkijua: sikwenda kulala tu. Nilikwenda kulilalia dawati langu la darasani, nisilikose.

Dokta Laetitia alitupokea, akamuuliza Hemedi, "Baba, usiku mama anakoroma? Pumzi yake inakatika?"

Hemedi akatazama ukuta. "Hapana. Analala muzuri. Kimya kabisa."

Nilimshukuru kimoyomoyo. Kuambiwa mbele ya mgeni kwamba unakoroma kama mashini ya kusaga, mwanamke mzima, unabaki na nini?

Dokta akaandika, akakunja uso. "Basi tutamulaza usiku mmoja tuone wenyewe. Kichwani fili, nyuzi za kubandika, kifuani mukanda, kidoleni kibanio. Na kamera ukutani."

Faida aliposikia kamera, akasimama. "Kamera! Muke wa kaka yangu analala, munamupiga picha? Kesho iko kwa simu ya kila mutu!"

"Picha inabaki kwangu, mama."

"Basi miye nitakuwa garde-malade wake. Siachi."

Hospitali zetu ni hivyo. Mgonjwa halali bila mtu wake chini ya kitanda, wa kumpa maji na kumlindia vitu. Daktari akakubali. Mimi pia.

*

Faida alitaka twende gizani, tupite njia ya nyuma, mto wangu tuufiche ndani ya beseni.

"Watu watasema umeingiwa na majini."

"Watasema tu."

Nikachukua mto, nikauweka kichwani. Nikapita katikati ya soko, jua liko juu, watu wote wako macho.

Joël wa pikipiki akaita, "Mama Zakaria! Unahama?"

"Naenda kulala lopitali!"

"Kulala tu?"

"Kulala tu! Na weye ukichoka, njoo!"

Soko likacheka. Faida alikuwa nyuma yangu hatua ishirini, amejifunika kitenge hadi puani, kama hanijui.

Msidhani sikuogopa. Lakini nilijiambia, kama aibu lazima inipate, initafute mchana nikiwa nimesimama.

Usiku Dokta Laetitia akanivua kilemba, akanibandika nyuzi kumi na kitu kichwani. Nilijitazama kwenye kioo cha dirisha. Nilifanana na kuku aliyenyeshewa. Nikajitanda kitenge juu ya nyuzi, nikasali rakaa mbili kabla hajanifunga ule mkanda wa kifuani, nikamwambia Mungu: leo sijifichi, tazama tu kama unavyonitazama siku zote, na huyu daktari mwonyeshe.

Dokta akatoka, akaenda chumba cha pili kwenye mashini yake.

Mara tu mlango ulipofungwa, Faida akapanda kiti, akaining'inizia kamera kitenge chake.

"Aione maua," akasema.

Nikalala.

*

Yaliyofuata nilisimuliwa.

Faida hakupata usingizi. Anasema nilikoroma mpaka vidirisha vikaitikia. Halafu kimya. Halafu nikashtuka, nikakoroma tena. Kila kimya kilikuwa kirefu kuliko kilichotangulia.

Saa kumi ya alfajiri kimya kikaja, hakikuondoka.

Akasimama. Mdomo wangu uko wazi. Kifua hakipandi.

Mtu mwingine angeniamsha. Faida amewaosha maiti wa mji huu miaka kumi na tano. Mkono wake unajua kazi moja. Akapiga simu kwa Hemedi, maneno mawili tu: "Hidaya ametutoka." Akazing'oa zile nyuzi, maana aliona ni vibaya nikutane na Mola wangu nikiwa nimefungwa kama redio. Akanigeuza kibla, akavua kitambaa chake kichwani, akaanza Yasini mbio mbio.

Hapo ndipo nilipofungua macho.

Dokta aliona mistari yote ya mashini yake imekatika kwa mara moja, na kwenye kamera hakuna kitu ila maua ya kitenge. Akaja anakimbia. Alinikuta nimekaa kitandani, kidevu kimefungwa fundo zuri kabisa, namuuliza, "Dokta, nimepita?"

Lakini simu ilishafika mjini. Kwetu habari ya kifo haingoji.

Alfajiri ile, sala ilipokwisha, ua wa hospitali ulijaa. Akina mama na mikeka. Vijana waliokuwa wanauliza koleo ziko wapi. Bi Aicha mbele yao na sanda chini ya kwapa.

Wakanikuta nakunywa chai.

Mtu mmoja akapiga takbira, na ua mzima ukaitika.

"Amerudishwa!" Bi Aicha akasema. "Ni sijda zake! Mola amemurudisha sababu ya sijda zake!"

Faida akafufuka haraka kuliko mimi. "Na Yasini yangu! Niliisoma mbele yake, akarudi!"

Akina mama wakaanza kuigusa miguu yangu. Mmoja akaweka mtoto mapajani mwangu.

Hemedi alikuwa amesimama mlangoni, miguu mitupu, shati amelivaa ndani nje. Alikuwa ananitazama tu.

Bi Aicha akapiga magoti. "Mama Zakaria, tuambie. Uliona nini uko?"

Ndugu zangu, niwe mkweli. Niliona njia rahisi. Ningesema niliona nuru, basi. Ningekuwa Bi Hidaya aliyerudi kutoka kwa wafu. Nani angeniambia tena niache au niendelee na jambo lolote? Nani angenicheka darasani?

Nikamtazama yule mtoto mapajani. Alikuwa na homa kweli.

"Sikuona kitu," nikasema. "Nililala."

"Ndiyo, lakini roho yako..."

"Roho ilikuwa hapa. Nililala, Bi Aicha. Na ile sijda, nilikuwa nalala pia. Machozi muliyoona yalikuwa mate."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Eh mama."

Faida akanivuta mkono. "Nyamaza, wifi! Unajivua nguo mbele ya watu!"

"Ziko za kuazima. Acha nizivue."

Bi Aicha akasimama polepole. Akaipangusa sanda mavumbi. "Na mujukuu wangu? Ulimupulizia dua. Akapona."

"Dua nilikuwa macho. Mungu alinisikia au alikusikia weye, sijui. Lakini huyu mutoto ana homa, na daktari iko hapa. Mumupeleke."

Wengine waliondoka wakiguna. Wengine walikasirika waziwazi, kama nimewaibia. Mama wa yule mtoto alimchukua, akaelekea kwa Dokta. Hilo lilinitosha.

*

Tukabaki wanne chumbani: mimi, Hemedi, Faida na Dokta.

Faida akasema haraka, "Bon, mashini iliharibika. Haikuona kitu. Si ndivyo, Dokta?"

"Mistari ilikatika saa kumi," Dokta akajibu. "Mbele ya pale nina saa sita. Inatosha. Kila saa moja pumzi ya mama inakatika mara thelathini na nane. Koo inajifunga, ubongo unaamka kuifungua. Usiku kucha. Mutu huyu hajapumuzika miaka. Si uvivu, si majini, si buku."

Nikafumba macho, nikasema alhamdulillahi. Niliposhukuru kwamba mimi ni mgonjwa, Dokta alinishangaa.

Kisha akamgeukia Hemedi. "Ila baba, hii haianzi jana. Ulilala karibu yake. Hukusikia kitu?"

Hemedi akakaa kwenye kiti. Akajishika kichwa.

"Nilidanganya," akasema.

"Miaka kumi na moja silali, Dokta. Akinyamaza, nahesabu. Nikifika ishirini, namusukuma bega. Anapumua, nangoja tena. Nikisafiri Salamabila kununua vitu, naomba Zakaria alale sebuleni, mulango wazi. Nilizani ni kitu kinamukaba. Halafu akaanza masomo, nikaona anazidi, nikasema ile buku itamumaliza."

Nikamwangalia kama mtu mgeni. Miaka yote ile niliamka bega la kushoto linauma. Nilidhani ni jembe la utotoni.

"Kwa nini hukusema?"

"Nitasema wapi, Mama Zakaria? Mambo ya chumba? Niseme mbele ya munganga muke yangu anakoroma kama mwanaume? Nilikuwa nalinda heshima yako."

Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka pia kumpiga na ule mto. Nikamwambia hivi, na leo sijutii:

"Hemedi, ungeniacha nife na heshima yangu?"

Alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa baba yake.

*

Dokta alinishonesha mfuko mgongoni mwa gauni la kulalia, ndani yake mpira mdogo mgumu, nisilale chali. Aliniambia nipunguze mafuta na uzito, na akaniandikia barua ya Bukavu, ambako iko mashini ya kusaidia pumzi. Safari hiyo bado tunaitafutia njia. Lakini hata kwa ule mpira tu, wiki ya tatu niliamka asubuhi nikasikia ndege. Nilikuwa nimesahau kwamba wanaimba.

Jumatatu nilirudi darasani. Hemedi mwenyewe alinisindikiza hadi mlangoni, akamwambia Mwalimu Jean-Paul, "Huyu anaendelea," halafu akaenda nyumbani kulala. Alilala saa kumi na tatu.

Msikitini hawanipishi tena mlangoni. Bi Aicha ananisalimia kwa ncha za vidole. Sijda yangu siku hizi ni fupi kama ya watu wote, na wako wanaosema imani yangu imepungua. Waseme. Ile fupi nakuwa macho.

Faida anaapa hadi leo kwamba nilikufa kidogo.

Wewe unayesoma hapa, una mtu wako ndani ya nyumba. Unasikia pumzi yake usiku, unajua jambo, na unamfichia kwa sababu ya jina lake. Msemee. Kama ni mwili wako, usemee mwenyewe, daktari akupime akupimavyo.

Na wale wanaoniuliza kwa nini nimejianika mtandaoni, mwanamke wa rika langu, jibu langu ni hili. Heshima inayotaka ninyamaze mpaka nife, mimi siitaki. Wampe mwingine.