Fungu la Ndege

Enzi zetu, mtoto ambaye hajakauka koo kwa kuwapigia ndege kelele hakuhesabiwa kuwa naye amelima. Ninyi wenzangu mliokulia Matombo na vijiji vingine vya chini ya milima mnalijua dungu: kile kichanja cha miti katikati ya shamba la mpunga, tulikopandishwa alfajiri na kombeo, debe bovu na kiporo cha mihogo. Mpunga ukianza kutia maziwa, minana, vindege wala nafaka, walishuka kama walioalikwa, na kazi yetu ilikuwa kuwaharibia karamu. Tulipiga debe, tulizungusha kombeo, tuliimba matusi ambayo nyumbani yangetupatia fimbo. Jioni tulirudi tukizungumza kwa ishara kama mabubu. Watoto wa siku hizi nikiwasimulia wananiuliza kwa nini hatukufunga spika.

Lakini mama yangu alikuwa na sheria mbili, moja ya shambani na nyingine ya nyumbani. Asubuhi akishatwanga na kupepeta, chenga za kwanza hazikuingia chunguni wala hawakupewa kuku. Zile zilikuwa fungu la ndege. Alikuwa na ungo mkuukuu uliotoboka katikati, akauziba kwa kipande cha kanga na kuuning'iniza kwa kamba kwenye mstafeli nyuma ya jiko, pamoja na kifuu cha maji. Sisi tulikaa kizingitini na vikombe vyetu vya bati, uji unatuunguza midomo, moshi wa kuni mbichi unatutoa machozi, tunatazama. Walitangulia shomoro, maana hawana haya. Wakafuata chiriku, kisha tetere waliotembea taratibu kama wazee wanaoingia msibani. Minana walikuja mwisho, wakigombana hata kabla ya kutua.

Siku moja nilimuuliza, "Mama, hawa si ndio wale tunaowafukuza?"

"Ndio haohao. Shambani tunagombana, nyumbani ni wageni."

Hata miezi ya njaa, tulipokula ndizi mbichi za kuchemsha mpaka tukazichukia, fungu lilitoka, japo la ncha za vidole. Na alikuwa na jambo lake jingine. Anaweza akawa ameinamia moto, ametupa mgongo, na ghafla akaokota kijiti na kukirusha nyuma bila kutazama. Paka wa jirani anachomoka nyuma ya kinu mbio. Tulipomuuliza amemwonaje, alisema, "Ndege hali kimya. Mkisikia wamenyamaza, jueni paka yupo."

Leo nakaa mjini, Kihonda, na mama nimemleta kwangu. Macho yake yamekwisha. Anaona mwanga na vivuli, basi. Kiwanja hiki nilipokinunua kilikuwa na mwarobaini na mpera. Niliikata yote miwili. Niliona majani yanachafua, nikamwaga pevingi, yale matofali ya saruji, kutoka ukuta hadi ukuta, na marafiki wakanipongeza, "Mzee, umeua!" Nikatembea juu ya pevingi zangu kifua mbele. Siku mama aliposhuka kwenye gari, alivua kandambili, akapapasa matofali kwa unyayo, akauliza mti uko wapi. Nikamwambia miti inaleta nyoka. Akasema, "Haya," akaingia ndani.

Kesho yake aliomba chenga. Mchele wa dukani siku hizi hauna chenga, basi alichota konzi ya mchele mzuri kabisa, akautawanya uani, akakaa kibarazani kusubiri. Hakuja ndege hata mmoja. Wangetua wapi, kwenye matofali yanayochemka? Walipita juu wakaenda zao kwa jirani, ambaye hana pevingi ila ana mlimau. Mchana mama alipita uani miguu mitupu, punje zikamkwaruza.

"Hawajala?" akauliza.

Alisema kama mtu aliyepika pilau na wageni wakapitiliza mlango wake. Sikuweza kuivumilia sauti ile. Siku iliyofuata alipojinyoosha kidogo ndani, nilitoka na ufagio nikafagia punje zote. Alipoamka akapapasa kwa unyayo, hakukuta kitu, akafurahi.

"Wamekuja?"

"Wamekuja, mama. Wamemaliza."

Hivyo ndivyo nilivyogeuka kuwa ndege wa mama yangu. Mtu mzima mwenye mvi, nanyata kwenye ua wangu mwenyewe kama mwizi, nafagia mchele, nautia mfukoni, nakwenda kuumwaga nje ya geti. Aibu niliyokuwa nayo sijui niifananishe na nini. Binti yangu Rehema alinifuma siku moja. Hakucheka. Alisema tu, "Baba, si tumpigie bibi sauti za ndege kwenye simu? Zipo nyingi." Nilimkemea kwamba kizazi chao kinadhani kila kitu kimo ndani ya simu. Kisha nikautazama ufagio mkononi mwangu.

Juzi mama alikuwa amekaa kibarazani, nami nimetoka kufagia, mfuko wa suruali umetuna. Kule kwa jirani mlimau ulikuwa umechangamka, shomoro wanabishana. Mama akatega sikio.

"Mbona sauti zao zinatoka ng'ambo?"

"Huku wanakula kimya, mama."

Neno lilikwisha kunitoka ndipo nikaukumbuka mstafeli, na kile kijiti kilichorushwa bila kutazama. Mama hakunigeukia. Alikaa akisugua magoti yake. Kisha akasema, kwa upole uleule aliotuitia tushuke dunguni jua linapozama:

"Basi huyo paka mwambie, mwanangu, kesho asifagie zote. Aache kidogo. Huenda akaja mmoja."

Nilitamani pevingi zipasuke nizame. Mama alikuwa anajua, na siku zote hizo alikuwa akinifurahia mimi, asinitie aibu.

Enzi zetu tulikaa nyumba ya udongo, ungo wetu umetobolewa na panya, na hapakukucha bila wageni. Leo nina geti la chuma na ua unaong'aa, na mama yangu amekaa katikati yake hana hata shomoro wa kumkaribisha. Jana nimeng'oa matofali karibu na kibaraza, sehemu ya kutosha ungo, nikapanda mche wa mstafeli. Mama alisikia jembe, akaniuliza mti huo utakuwa mkubwa lini. Niliendelea kushindilia udongo.

Asubuhi hii amemwaga mchele wake kama kawaida. Ufagio nimeuacha nyuma ya mlango. Sasa jua limeshakuwa kali, na punje zote bado zipo.